Skrini ya Wino

Kioo cha simu hakikuvihisi vidole vya Mzee Mutuku. Wanza, bintiye, alimtazama akikigusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akikikandamiza kama mtu anayesukuma dirisha lililokwama, wala herufi moja haikutokea. Miaka thelathini na minane ya kuchonga mawe ya kujengea katika machimbo ya Lukenya ilikuwa imezivika ncha za vidole vile ngozi nene na kavu, na kioo kiliipokea ngozi hiyo kama kinavyopokea kijiti. Baada ya nusu saa mzee aliirudisha simu mikononi mwa bintiye kwa upole, akainuka, akaenda kuwafungulia mbuzi.

Huo ulikuwa mwezi wa Mei. Mwezi wa Machi madaktari walikuwa wamemwondolea kikoromeo kwa sababu ya uvimbe, wakamwachia tundu dogo chini ya shingo la kupumulia. Alikula, alitembea, alipalilia mahindi yake pale Katelembo kama kawaida. Sauti tu ndiyo iliyokwenda, na isingerudi. Walikuwa wamekwisha kujaribu daftari na kalamu. Vidole vilivyoshika nyundo na tindo tangu ujana havikukubali tena kitu chembamba. Maneno matatu yalijaza ukurasa mzima, na hakuna aliyeweza kuyasoma, hata yeye mwenyewe. Ukurasa huo aliuchoma mekoni.

Kwa mambo ya kila siku hakuhitaji maandishi. Alinyoosha kidole, alitikisa kichwa, alipiga makofi mawili kumwita mtu aliye mbali. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ishara hazikuweza kulibeba, na kila mtu pale nyumbani alilijua. Alitaka kumwambia mwanawe Jeff kwamba anayarudisha maneno yake.

Maneno yenyewe yalikuwa ya miaka sita iliyopita. Kampuni moja ilileta Lukenya mashine ya kukata mawe, na wachongaji wa mkono, zaidi ya arobaini, wakaambiwa wasirudi Jumatatu. Aliyeketishwa kwenye kiti cha mashine hiyo, baada ya mafunzo ya wiki tatu, alikuwa Jeff. Mzee Mutuku alikwenda akasimama mbele ya mashine, wenzake wote wakimtazama, akamwonyesha mwanawe kidole na kusema kwamba mkono ule usije ukamtupia udongo siku atakapozikwa. Neno la mzazi la namna hiyo Wakamba huliita kiumo, na hata wale wasiokosa kanisani Jumapili huliogopa. Miezi minne baadaye mnyororo wa mashine ulichukua vidole viwili vya mkono wa kulia wa Jeff. Watu walisema walichosema. Jeff alihamia Syokimau, akapata kazi katika ghala, asikanyage tena Katelembo.

Sasa alikuwa amepata kazi Qatar, mkataba wa miaka miwili, na angeondoka wiki ya pili ya Septemba. Mzee alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na tundu shingoni. Kama angefariki kabla mkataba haujaisha, na hata kama Jeff angepata ruhusa ya kuja, hakuna mtu katika ukoo wao ambaye angempa koleo.

Aliyemshawishi Jeff kuja alikuwa Shangazi Kamanthe, dada mkubwa wa Mzee Mutuku, ambaye boma lake lilipakana na lao. Alimpigia simu mara nne ndipo akapata ahadi: Jumamosi ya mwisho ya Agosti, aje asubuhi, aondoke jioni. Kisha Kamanthe akamweleza Wanza utaratibu, kama mtu anayesoma sheria ambayo hakuitunga yeye. Maneno yale yalitoka kinywani mwa Mutuku mbele ya watu. Ni lazima ayarudishe mwenyewe, mbele ya watu. Kwa kuwa kinywa chake kimefungwa, mkubwa wake angeweza kumsemea.

"Nitakuwa mdomo wake, mama," alisema. Alimwita Wanza "mama" kwa sababu Wanza alibeba jina la bibi yake, aliyemzaa Kamanthe. "Lakini moyo wake sitakuwa. Nitasema alilosema yeye, si lile ninalodhani anataka kusema. Nikibahatisha, hiyo si kazi. Tutakuwa tumecheza."

Kwa hiyo ilibidi mzee aandike, na ilibidi apate kitu cha kuandikia.

Wanza alifundisha elektroniki katika chuo cha ufundi mjini Machakos, na aliianza kazi hiyo kama alivyowafundisha wanafunzi wake kuianza kazi yoyote: usinunue kifaa hata kimoja kabla hujajua kitafanya nini. Aliandika kwamba mashine ibebeke kwa mkono mmoja. Ivumilie kidole kilichozoea nyundo. Iamke papo hapo, kwa sababu baba yake, akingojeshwa, angeifunika na kwenda zake. Ikae na moto wa betri kutwa nzima. Na isimhitaji mtu mwingine kuiendesha. Aliisoma orodha hiyo mara mbili, akaridhika nayo, asione kilichokosekana.

Vipuri vingi alivipata kwa Linet, mwanamke mwenye duka dogo nyuma ya stendi mjini, aliyeuza kila kitu kilichowahi kuwa ndani ya kompyuta au redio. Linet alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini asimnunulie mzee simu ya vibonye, ile ya mulika mwizi, kazi ikaisha. Wanza akamweleza kwamba walijaribu. Kidole kimoja cha mzee kilibonyeza vibonye vitatu kwa pamoja, na habari ya kubonyeza kimoja mara tatu ili kupata herufi moja ilimkasirisha hata akaiweka simu chini ya mto na kuilalia.

"Basi unataka vibonye vya mtu wa nyundo," Linet alisema. Aliinama chini ya meza akatoa kibodi mbili nzito za zamani, za rangi ya uji, zilizotoka katika saibakafe iliyofungwa. "Niko na hizi. Kila kibonye kina springi yake. Mwalimu, hata uzipige ngumi, ni wewe utaumia."

Wanza alizifumua jioni tatu mfululizo katika karakana ya chuo, akatoa vibonye thelathini na kitu. Alipofika kwenye mpangilio alisita. Kibodi za dunia nzima zimepangwa kwa namna ambayo mikono yake mwenyewe iliijua bila kutazama, lakini baba yake aliishia darasa la nne, na mpangilio pekee aliowahi kuujua ni ule wa ubaoni. Alivipanga A, B, C, D, kwa mistari minne, akiacha nafasi ya kidole kizima kati ya kibonye na kibonye.

Bodi ya kompyuta nayo ilimtaka uamuzi. Alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa na nguvu, ingeweza hata kuonyesha filamu, lakini ilichukua nusu dakika kuamka. Ya pili ilikuwa ndogo kama kidole gumba, haikujua kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na iliamka kabla hujaondoa mkono kwenye swichi. Alichukua ndogo. Betri alizitoa ndani ya laptopu zilizokufa. Aliziweka sita mezani, akazijaza, akaziacha wiki nzima, akazipima tena, na mbili zilizokuwa bado na nguvu ndizo zilizopata kazi. Skrini aliichagua yenye mwanga na rangi, iliyo angavu kuliko zote alizokuwa nazo Linet. Mwisho aliongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha yake: kipaza sauti kidogo pamoja na chipu ya kusoma maandishi kwa sauti. Alitaka kumshtua baba yake kwa furaha.

Kasha la kwanza lilikuwa bakuli la plastiki la kubebea chakula. Mzee alibonyeza herufi ya kwanza, na bakuli likateleza mezani mpaka ukingoni. Wanza alilirudisha mjini, akampa fundi wa mabati vipimo, naye akamtengenezea sanduku la bati zito lenye vipande vya tairi chini yake. Sanduku hilo halikuteleza.

Neno la kwanza ambalo Mzee Mutuku aliliandika, baada ya miezi minne ya kimya, aliliandika Jumapili wakati wa chakula cha mchana. Aliisogeza sahani yake pembeni, akaivuta mashine, akazitafuta herufi moja baada ya nyingine kwa kidole cha shahada. Wanza alisimama nyuma yake. Skrini ikaonyesha: CHUMVI. Wanza alikwenda jikoni kuileta, na aliporudi akakuta mabega ya baba yake yakitikisika. Alikuwa akicheka, pumzi ikitoka shingoni kwa mlio mwembamba.

Ndipo Wanza alipoiwasha ile sauti. Alibonyeza, na mwanamume asiyemjua mtu yeyote pale mezani akasema "chumvi" kwa matamshi ya mtangazaji wa habari. Mzee aliacha kucheka. Aliisikiliza ikisema jina lake, kisha jina la Jeff. Akainuka, akachukua bisibisi kwenye dirisha, akalifungua sanduku, akakitoa kile kipaza sauti pamoja na waya zake, akakiweka katika kiganja cha bintiye na kuvikunja vidole vyake juu yake. Alipolifunga tena sanduku aliandika: SI MIMI.

Wanza alikitia kipaza sauti mfukoni.

Wiki zilizofuata mzee alijifunza. Asubuhi, baada ya kuwafungulia mbuzi, alikaa mezani ndani ya nyumba, mlango ukiwa umerudishwa, akabonyeza. Alichokiandika alikifuta kabla mtu hajaingia. Wanza, aliyerudi nyumbani kila Ijumaa, alimsikia kutoka uani, tak, kimya, tak, tak, na hakuuliza. Kidole kilizidi kuwa chepesi.

Zilipobaki siku saba, Shangazi Kamanthe alikuja kuitazama mashine. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye thome, ule uwanja mdogo nje ya lango ambako wazee wa boma lile waliketi tangu zamani kusikiliza mashauri, na akaagiza aletewe hiyo mashine pale aione. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua la Agosti limekwisha kulishinda wingu. Wanza aliiweka juu ya kigoda mbele ya shangazi yake, akaiwasha, akamwomba baba yake aandike chochote. Mzee akaandika. Kamanthe akainama, akainama zaidi, akaweka kiganja juu ya macho.

"Naona uso wangu," alisema. "Maneno yako wapi?"

Wanza aliichukua, akaigeuza huku na huku. Chini ya jua kioo kilikuwa cheusi kama dirisha la nyumba isiyo na watu. Aliusogeza mwanga mpaka mwisho, na bado hakikuonyesha kitu. Miezi mitatu alikuwa ameijaribu mashine karakanani, chini ya taa, na mezani, chini ya paa. Yeye aliyezaliwa katika boma lile na kuzisikia kesi zote za utotoni mwake kupitia ua wa minyaa alikuwa amesahau kwamba maneno ya uzito ule hayasemwi ndani ya nyumba. Husemwa nje, mchana, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuyaficha.

Alipendekeza, akijua jibu, kwamba waketi sebuleni siku hiyo. Kamanthe alimtazama tu. Kisha akauliza jambo la pili, kwa sauti ya chini zaidi: hata kama angeyaona maneno, yangekuwa makubwa kiasi gani? Alitoa Biblia yake kwenye mkoba akamwonyesha. Ilikuwa ya maandishi makubwa. Chini ya ukubwa ule hakusoma kitu, na yeye ndiye mdomo.

Jumatatu Wanza alikuwa dukani kwa Linet kabla halijafunguliwa. Alijua anachotaka, na alijua kwa nini hakukitaka hapo awali. Kuna skrini zisizotoa mwanga wowote, ambazo huonyesha maandishi kwa chembe za wino mweusi na mweupe zinazopanda na kushuka ndani ya karatasi ngumu. Jua haliziharibii kitu; linazifanya zisomeke zaidi. Lakini ni za polepole. Kila unapobadilisha maneno, skrini nzima hupepesa, nyeusi, nyeupe, nyeusi, na sekunde tatu au nne hupita kabla maneno mapya hayajatulia.

Linet alikuwa na jamaa Nairobi aliyeziuza. Zilitoka kwenye rafu za maduka makubwa, zilikokuwa zikionyesha bei. Zilifika Jumatano kwa gari la mizigo, mbili, moja ikiwa na mstari uliokufa katikati. Wanza aliiunganisha ile nzima pale pale juu ya kaunta, akaitazama ikipepesa, akanung'unika kwamba baba yake angeichoka.

"Hii ni ya mtu wa kungoja, Mwalimu," Linet alisema. "Na wewe si ndiye husimama mbele ya darasa mpaka wote wanyamaze?"

"Mimi nalipwa kungoja."

"Na yeye amengoja miaka sita bila mshahara. Funga hiyo skrini uende."

Kwa kuwa kila badiliko lilikuwa la polepole, isingefaa skrini ionyeshe herufi moja moja. Wanza aliiandika upya programu ili maneno yakusanywe ndani kwanza, na mwandishi akimaliza sentensi abonyeze kibonye kikubwa cha pembeni. Hapo ndipo sentensi nzima ijitokeze. Akibonyeza tena, ifutike. Alikuza herufi mpaka Kamanthe akazisoma kutoka hatua moja bila kuinamisha shingo. Mistari minne tu ndiyo iliyoenea. Mzee aliijaribu siku mbili. Hakuonekana kuichoka.

Jumamosi ile Jeff alifika saa nne, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto, akiwa amebeba unga na sukari. Aliwasalimu wote kwa mikono miwili, baba yake akiwa wa mwisho, na wakashikana bila kutazamana machoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Wanza alimwuliza habari za safari, naye akajibu kwamba ni sawa tu, viza imetoka. Alipoiona mashine juu ya kigoda aliinua nyusi.

"Hii ndiyo kitu umetengeneza, dadangu? Inakaa kama mizani ya kupimia nyama."

Shahidi alikuwa Mzee Ndolo, aliyechonga mawe pamoja na Mutuku Lukenya na kuyasikia maneno yale kwa masikio yake. Waliketi kwenye thome: Ndolo upande mmoja, Wanza upande mwingine, Jeff akimkabili baba yake, na Kamanthe begani kwa ndugu yake, mahali ambapo angeiona skrini. Kando yake kulikuwa na kibuyu cha maji. Alisema kwa ufupi kilichowaleta, akamtaja kila aliyekuwapo kwa jina la baba yake, kisha akamgeukia ndugu yake.

Mzee Mutuku akaanza. Aliandika kwa Kikamba, lugha aliyoyatolea maneno yale. Vibonye vililia, tak, tak, na hakuna aliyesogea. Akabonyeza kile kikubwa. Skrini ikapepesa, ikatulia, na Kamanthe akasoma kwa sauti yake ya shambani, ile iliyofika bonde la pili.

"Jeff. Mbele ya watu nilisema mkono wako usinitupie udongo."

Kibonye. Skrini ikarudi nyeupe. Tak, tak. Jua lilikuwa kamili juu ya sanduku la bati, na maneno yakatoka meusi kabisa.

"Maneno hayo nayarudisha. Siku hiyo ikifika, mkono wako uwe wa kwanza."

Mzee Ndolo aliitikia kwa koo. Kamanthe aliinama kukichukua kibuyu, kwa kuwa lililohitajika lilikuwa limesemwa, na hakuna utaratibu ulioomba zaidi ya hapo. Lakini ndugu yake aliinua kiganja, akakirudisha kidole kwenye vibonye. Safari hii aliandika kwa muda mrefu. Jeff alikuwa akiutazama mdomo wa shangazi yake, si mashine.

Skrini ikapepesa. Kamanthe akasoma kimya, na Wanza akaona midomo yake ikifumbana. Alijiinua kidogo aone. Yalikuwa maneno machache: SIKUKUKASIRIKIA WEWE. NILIIOGOPA ILE MASHINE. WEWE NILIKUONEA.

Kamanthe alinyoosha mgongo.

"Amemaliza," alisema.

Wanza alimwelewa. Mzazi huyarudisha maneno yake kama anavyoyatoa, akiwa juu. Kwamba mzee aketi kwenye thome ya baba yake na kumwambia mtoto aliyemzaa kwamba aliogopa, kwamba alionea, mbele ya shahidi, hilo halikuwa katika utaratibu aliorithi Kamanthe. Alikuwa akimfunika ndugu yake, kama ambavyo angemfunika shuka akimkuta amelala vibaya.

Mzee hakubonyeza. Aliuweka mkono wake gotini na kuuacha hapo. Ile skrini nyingine, yenye mwanga, ingefifia na kuzimika yenyewe baada ya dakika moja ili kuokoa betri. Wanza aliiunda hivyo. Hii haikuzimika. Wino ukishatulia hauhitaji moto. Ungeweza kuzing'oa betri zote na maneno yakabaki pale mpaka kesho. Angeweza kuyasoma yeye. Sauti alikuwa nayo, na macho mazuri, lakini mdomo uliokubaliwa haukuwa wake; angeyatamka na yasingehesabiwa.

"Shangazi," Jeff alisema, "mbona hakuondoa? Kuna kitu bado."

"Ni mambo ya wazee."

"Ameniandikia mimi ama amekuandikia wewe?"

Kamanthe alimtazama ndugu yake, na ndugu yake akamtazama. Jogoo aliwika nyuma ya ghala na hakuna aliyegeuka. Kisha Kamanthe akayasoma. Hakutumia sauti ya bondeni. Aliyasoma kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, neno kwa neno, hakuruka hata moja.

Wa kwanza kusema baada ya hapo alikuwa Mzee Ndolo, na alisema akiitazama ardhi. "Hata mimi niliiogopa. Sote. Yeye tu ndiye aliyekuwa na mtoto wa kumtolea maneno mabaya."

Kibonye kikalia, skrini ikawa nyeupe. Mzee aliandika tena, akakosea, akafuta, akaandika. Hii Kamanthe aliisoma mara tu ilipotulia, bila kungoja.

"Nilipoambiwa juu ya vidole vyako nilijua ni mimi. Sikuja hospitalini."

Jeff aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu.

"Nilikaa wodi siku tisa," alisema. "Kila saa ya kuona wagonjwa nilikuwa naangalia mlango. Siku ya tisa nikaambia nesi anigeuze kitanda." Akamtazama baba yake. "Baba, ile mashine haikuwa na kinga ya mnyororo. Walikuwa wameitoa ndiyo ifanye kazi haraka. Nilijua, na nikakaa hapo. Usichukue yote wewe."

Mzee aliandika kwa kirefu na kuacha, akaandika tena, na mwishowe alipobonyeza lilitoka neno moja. Kamanthe akalisoma: "Nimesikia."

Ndipo alipochukua kibuyu. Desturi ilimtaka mzazi mwenyewe ateme mate ya baraka juu ya mwanawe, lakini pumzi ya Mutuku haikupita tena kinywani, wala asingeweza kupuliza. Mutuku alichota maji kwa kiganja, akayagusisha kwenye midomo yake, akayanyunyiza juu ya kichwa na mikono ya Jeff, yote miwili. Kamanthe alitamka maneno yanayoandamana na tendo hilo. Ndolo akaitikia mara tatu. Jeff alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua aliyafuta maji usoni kwa mkono wa koti.

"Sijui niseme nini ingine leo," alisema. "Nimekubali. Lakini kuna vitu bado viko ndani, na siwezi kudanganya hapa."

Baba yake aliitikia kwa kichwa, taratibu.

Walikula pale nje, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na nyama ya mbuzi, wakizungumza juu ya joto la Qatar, ambalo hakuna aliyelijua, na mvua za Oktoba, ambazo kila mmoja alikuwa na maoni juu yake. Jeff aliivuta mashine karibu naye akaibonyeza kibonye kimoja kimoja. Alilifungua sanduku bila kuomba ruhusa, akazitazama zile betri, na ile bodi ndogo, na ile nafasi tupu iliyokuwa pembeni.

"Hii inaweza kutuma?" aliuliza.

Wanza alimwambia kwamba haiwezi. Ingehitaji kipuri cha kupokea laini ya simu, na antena, na pengine betri ya tatu, kwa sababu kutuma ujumbe hula moto mwingi. Hakuwa amefikiria jambo hilo. Mashine ilikuwa imetengenezwa kwa siku hii moja.

"Naondoka tarehe kumi na mbili," Jeff alisema. "Huko nitapiga simu, na yeye atashika tu akisikiliza. Sitaki kuongea peke yangu miaka mbili."

Mzee Mutuku aliinyooshea mkono mashine, na Jeff akalifunga sanduku na kumrudishia. Wote wanne walingoja mpaka skrini ikatulia. Kamanthe aliinama asome, lakini Jeff alikuwa amekwisha kusoma mwenyewe, akamgeukia dada yake.

"Anauliza hicho kipuri kinapatikana Machakos ama ni mpaka Nairobi."

"Kwa Linet," Wanza alijibu. "Kama hana, ataagiza."

"Twende saa hii basi, kabla hajafunga."